PostgreSQL kwa mtu mwenye kofia nne: maoni yangu baada ya mwaka na zaidi

Siku mtoto alipopata homa darasani, ujumbe wa simu ulitumwa kwa mama yake kwenye namba aliyoiacha miaka miwili nyuma. Mama mwenyewe alikuwa hatua ishirini kutoka hapo, anafundisha chumba cha jirani. Habari alizipata kengele ya mchana ilipolia.

Namba yake mpya ilikuwemo kwenye mfumo wa shule, ila ilikuwa kwenye jedwali la walimu. Kwenye jedwali la wazazi ilibaki ile ya zamani, na programu haikuwa na njia yoyote ya kujua kwamba mwalimu huyu na mzazi yule ni mtu mmoja. Nilipochimba nikamkuta mara mbili tena: kwenye wanafunzi, maana alisoma hapo hapo utotoni, na kwenye wajumbe wa bodi, anakowakilisha wafanyakazi. Mtu mmoja, mistari minne, namba tatu za simu, na jina lake limeandikwa kwa namna mbili.

Programu ile siitaji jina. Aliyeitengeneza alifanya kosa ambalo hata mimi nimelifanya zaidi ya mara moja. Niliombwa nijenge upya, nikachagua PostgreSQL, programu ya hifadhidata, yaani ya kutunza data kwenye majedwali, nikaanza na toleo la 17 na sasa niko kwenye la 18. Haya ni maoni yangu juu yake kwa kazi hiyo moja tu, ya kutunza watu wenye kofia nyingi. Mambo ya kasi sitayagusa. Shule haina watu wa kutosha kuichosha hata kompyuta mpakato.

Nilichokitaka kilikuwa rahisi kukisema. Mtu aandikwe mara moja. Nafasi zake ziwe na mwanzo na mwisho. Na upuuzi ukataliwe na hifadhidata yenyewe, usisubiri programu iliyo juu yake, kwa sababu kwenye shule hii data inaguswa na tovuti, inaguswa na faili anazopandisha mhasibu, na inaguswa na mimi saa sita usiku nikiwa nimechoka. Yule wa saa sita usiku ndiye wa kuogopwa kuliko wote.

Hilo la kukataa upuuzi ndilo lililonileta PostgreSQL. MySQL, hifadhidata nyingine, ilikuwa ikipokea masharti ya ukaguzi, yaani kanuni ambazo mstari lazima uzitimize ili upokelewe, na kuyapuuza kimya kimya mpaka toleo la 8.0.16 la mwaka 2019. Siku hizi inayatii, lakini aina ya sharti nitakayoieleza mbele haina. SQLite, hifadhidata ya tatu, naipenda kwa mambo madogo, ila funguo za kigeni, yaani masharti kwamba kinachotajwa kwenye jedwali moja kiwepo kweli kwenye jingine, kwa kawaida huja zimezimwa, na lazima uziwashe kila unapofungua muunganisho. Mimi ni msahaulifu.

Nianze na kitu ambacho PostgreSQL inacho na ambacho karibu kinipoteze. Inaruhusu jedwali kurithi jedwali jingine. Unatengeneza jedwali la mtu lenye jina, tarehe ya kuzaliwa na simu, kisha majedwali ya mwalimu na mwanafunzi yanarithi safu hizo na kuongeza za kwao. Ukiisoma mara ya kwanza unaona kama imeandikwa kwa ajili yako. Nilikaa nayo tangu Ijumaa. Jumapili jioni nikamwingiza yule mama kama mwalimu, nikamwingiza kama mjumbe wa bodi, halafu nikaliuliza jedwali la mtu: mko wangapi? Likajibu wawili.

Kwenye urithi huo mstari hukaa katika jedwali moja tu. Mwenye nafasi mbili hana budi kuwa mistari miwili, na hapo tumerudi kulekule tulikotoka. Ufunguo msingi wa jedwali la juu, yaani safu inayotambulisha kila mstari na isiyoruhusiwa kujirudia, hauyabani majedwali ya chini yake, kwa hiyo namba ileile ya utambulisho iliingia mara mbili bila kelele yoyote. Na ufunguo wa kigeni unaoelekea jedwali la mtu hauwaoni walioingizwa kupitia jedwali la mwalimu. Mwongozo rasmi unayasema yote haya waziwazi, kwenye sehemu ya tahadhari, chini kabisa ya ukurasa. Mimi Ijumaa sikufika huko chini.

Hapa napunguza alama. Kipengele chenyewe ni cha zamani, kimetokana na mradi wa POSTGRES ulioanza 1986 pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, na kina mahali pake: gari ni basi au ni lori, halitakuwa vyote viwili keshokutwa. Lakini mifano mingi ya kufundishia urithi hutumia watu, na watu ndio wasiofaa kabisa kwa jambo hili.

Njia nyingine mbili nilizipita haraka. Ya kwanza ni jedwali moja pana lenye safu za ndiyo na hapana: ni_mwalimu, ni_mzazi, ni_mjumbe. Kwa mambo mawili ya kudumu inatosha. Ila swali la kwanza la mhasibu lilikuwa "aliacha lini ujumbe wa bodi?", na hapana haina tarehe. Ya pili inavutia zaidi ukiwa ndani ya PostgreSQL, kwa kuwa safu inaweza kubeba orodha nzima, kwa hiyo unaandika nafasi za mtu zote mahali pamoja. Tatizo ni kwamba ufunguo wa kigeni hauwezi kukagua kimoja kimoja kilichomo kwenye orodha. Siku mtu akiandika "mwalmu", itapokelewa na kutunzwa kwa heshima zote.

Nilichokijenga mwishowe ni cha kawaida, na wala sikukibuni mimi. Kuna jedwali la mtu, lenye yale yasiyobadilika kwa sababu ya kazi: jina, kuzaliwa, simu. Kuna jedwali la nafasi, orodha fupi ya maneno: mwalimu, mwanafunzi, mjumbe_bodi, mweka_hazina, mkaguzi. Katikati kuna mtu_nafasi, linalosema nani, nafasi gani, kipindi gani. Ikizuka nafasi mpya, mfano mlezi wa klabu, naongeza mstari mmoja kwenye orodha na maisha yanaendelea. Mwanzoni orodha hiyo niliiweka kama aina maalumu ya data yenye maneno yaliyofungwa, jambo ambalo PostgreSQL inaliruhusu. Nikagundua kuongeza neno ni amri moja, lakini kuliondoa hakuna amri. Nikaivunja wiki ya pili.

Palipoumiza kichwa ni taarifa za nafasi moja moja. Mwalimu ana namba ya usajili na somo, mwanafunzi ana namba ya kuandikishwa na darasa, mjumbe wa bodi hana cha ziada. Niliweka jedwali dogo kwa kila nafasi yenye mambo yake, na ufunguo msingi wa jedwali hilo ukiwa uleule wa mtu. Likaonekana safi mpaka mwalimu mmoja aliyeondoka na kurudi alipoingizwa. Namba yake ya usajili ilikuwa ileile, kwa hiyo ni ya mtu akiwa mwalimu, wakati wowote. Lakini mshahara wake ulikuwa mwingine, na aina ya mkataba nyingine. Hivyo ni vya kipindi, si vya mtu. Nikagawa: usajili ukabaki kwenye jedwali la mwalimu, mkataba ukafungwa kwenye mstari wa mtu_nafasi. Hakuna bidhaa itakayokugawia hayo. Lazima umuulize kila mtu ofisini, safu kwa safu: akiondoka na kurudi, hiki kinabaki au kinaanza upya? Nilipata majibu yanayopingana kutoka kwa watu wawili waliokaa meza moja.

Na mzazi? Mzazi nilimweka kwenye orodha ya nafasi pamoja na wengine, bila kufikiri. Siku ya kwanza ya majaribio mwalimu mkuu akauliza: "Sawa, huyu ni mzazi. Wa nani?" Sikuwa na jibu. Ualimu mtu anaubeba peke yake mbele ya shule, lakini uzazi ni kamba kati ya watu wawili. Nikauondoa kwenye orodha, nikatengeneza jedwali la ulezi lenye watu wawili ndani yake, mlezi na mtoto, pamoja na aina ya ulezi: mama, baba, bibi, mjomba, mlezi wa kisheria. Nikaongeza sharti kwamba mlezi na mtoto wasiwe namba moja. Nilidhani naweka kwa utani tu. Wakati wa kuhamisha data ya zamani sharti hilo lilimkataa mwanafunzi aliyesajiliwa kama mzazi wake mwenyewe, kwa kuwa mtu fulani alijaza fomu kwa haraka.

Sasa nije kwenye sifa, maana zipo na ni kubwa.

PostgreSQL ina aina ya data ya kipindi, yaani tarehe mbili zinazokaa kama kitu kimoja, tangu toleo la 9.2 la mwaka 2012. Na tangu 9.0, mwaka 2010, ina sharti la kutenga: unaiambia isikubali mistari miwili ikiwa vitu fulani vinalingana na vingine vinagongana. Ukiviweka pamoja unaweza kusema mtu yuleyule asishike nafasi ileile katika vipindi vinavyopishana. Hufanyi ukaguzi kwenye programu na huandiki kichochezi, yaani msimbo unaojiendesha data inapoguswa, cha mistari themanini. Ni tamko moja, na ukijaribu kulivunja unakataliwa, uwe tovuti, uwe mhasibu, uwe mimi wa saa sita usiku.

Kuna deni dogo: ili sharti hilo lichanganye namba ya mtu na kipindi, lazima uwashe kiendelezi, yaani nyongeza ya PostgreSQL, kinachoitwa btree_gist. Ni amri moja. Lakini usipoijua, kosa utakaloonyeshwa linazungumzia aina za data na madaraja ya faharasa, na mtu mgeni atadhani ameharibu kitu. Mimi nilidhani nimeharibu kitu.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni jambo la mweka hazina na mkaguzi. Kamati ina kanuni kwamba mtu hawezi kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, ingawa anaweza kuwa mkaguzi mwaka huu na mweka hazina mwaka ujao. Kila mfumo niliouona unaiacha kanuni kama hii kwenye vichwa vya watu. Sharti la kawaida la ukaguzi haliwezi, kwa sababu linatazama mstari wake tu, haliruhusiwi kuuliza mistari mingine. Basi nikakumbuka mfano ulio kwenye mwongozo wa btree_gist, wa bustani ya wanyama: kizimba kimoja kisichanganye pundamilia na simba. Nikautazama muda mrefu. Mtu ni kizimba. Mweka hazina ni pundamilia, mkaguzi ni simba.

EXCLUDE USING gist (mtu_id WITH =, nafasi WITH <>, kipindi WITH &&) WHERE (nafasi IN ('mweka_hazina', 'mkaguzi'))

Mtu yuleyule, nafasi tofauti, vipindi vinavyopishana, na yote hayo kwa nafasi hizi mbili tu: kataa. Nafasi nyingine ziendelee kuchanganyika zinavyotaka. Nilipoiwasha juu ya data ya zamani, ilikataa kuwaka. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeshika vyote viwili kwa miezi minne, miaka kadhaa iliyopita. Mwenyekiti alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo tuliachie historia." Hifadhidata haiachii historia kitu, kwa hiyo nikabana sharti lianze kwa vipindi vya kuanzia mwaka uliofuata. Mjadala mwingine waumalize wenyewe.

Lawama ya pili inahusu vipindi hivyo hivyo. Ukiandika kipindi cha tarehe kinachoanza Januari mosi na kuisha Desemba 31 ikiwemo, PostgreSQL inakigeuza kiwe kinachoishia Januari mosi ya mwaka unaofuata, siku hiyo ikiwa nje. Kihesabu ni sahihi kabisa, maana vipindi viwili vinavyofuatana vinagusana bila pengo. Kwa mhasibu ni balaa.

"Fundi, mkataba wa huyu unaisha thelathini na moja Desemba. Mbona umeandika Januari?"

"Ni ileile, mama. Hiyo Januari haihesabiwi."

"Kama haihesabiwi imeandikwa ya nini?"

Nikakosa la kumjibu. Sasa kila ripoti inayomfikia inatoa siku moja kwenye mwisho wa kipindi kabla ya kuonyesha. Kila ripoti. Nikisahau moja, simu inalia.

Kuna na kipindi kitupu, kinachoanza na kuisha siku ileile bila kuihesabu. Hicho hakipishani na chochote, kwa hiyo sharti la kutenga linakipitisha tu. Nilikuta sita. Niliongeza sharti jingine la kuvikataa, na ningependa ningejua mapema.

Toleo la 18, lililotoka Septemba 2025, limenirahisishia sehemu ya haya. Sasa ufunguo msingi wenyewe unaweza kutamkwa kwamba kipindi kisipishane, ukiandika WITHOUT OVERLAPS, na vipindi vitupu unavikataa bila kuambiwa. Kikubwa zaidi ni ufunguo wa kigeni unaoelewa muda. Kabla yake niliweza kudai kwamba anayepangiwa darasa awe mtu aliyemo kwenye mfumo. Sasa nadai kwamba awe mwalimu kwa kipindi chote alichopangiwa, hata kama ualimu huo umegawanyika kwenye mikataba miwili inayofuatana. Jaribio la kwanza lilifichua masomo matatu kwenye ratiba yaliyokuwa na mwalimu aliyekwisha kustaafu. Bado kuna mapungufu: ukifuta kipindi cha juu, huwezi kuagiza vya chini vifutike kwa mfululizo, lazima uvisafishe kwa mkono kwanza. Na btree_gist bado inahitajika. Lakini niliondoa vichochezi viwili nilivyokuwa nikiviogopa kuvigusa, na hilo peke yake lilistahili usiku wa kuhamia toleo jipya.

Kuna kazi moja ambayo hakuna sharti lililoweza kunifanyia: kujua nani ni nani. Majedwali ya zamani yalikuwa na mistari 2,318, na kabla ya kujenga chochote ilibidi niwapate watu halisi. PostgreSQL ina kiendelezi cha pg_trgm kinachokata maneno vipande vya herufi tatu tatu na kupima yanavyofanana, kutoka 0 hadi 1. Abdallah, Abdalla na Abdala kilinikutanishia bila shida. Kipimo chake cha kawaida cha 0.3 kilinipa mafuriko ya majina yasiyohusiana, nikakipandisha mpaka kikaacha kelele. Lakini kilinipa pia baba na mwanawe wenye jina moja, na mapacha waliozaliwa siku moja, wenye simu moja ya nyumbani na majina yanayotofautiana herufi mbili. Kama ningeunganisha kwa mashine, mmoja wa mapacha hao angetoweka.

Kwa hiyo nilichapisha orodha ya waliofanana, nikaketi na karani aliyekaa shuleni hapo muda mrefu kuliko mtu yeyote, na kalamu. Huyu na huyu? Mtu mmoja. Huyu na huyu? Hapana, huyo ni shangazi yake. Alasiri tatu. Tukatoka na watu 1,904. Kila namba ya zamani niliitunza kwenye jedwali lake pembeni, ikielekeza kwa mtu mpya, na nashukuru nilifanya hivyo, kwa sababu watu wawili tuliowaunganisha ilibidi baadaye tuwatenganishe.

Nyota? Nne kati ya tano kwa kazi hii. Moja imegawanwa kati ya urithi ule na Januari ya mhasibu.

Nimalizie na kitu nilichokikuta nikizurura ndani ya majedwali ya PostgreSQL yenyewe. Nayo ina watu wake, wale wanaoruhusiwa kuingia, na kabla ya toleo la 8.1 la Novemba 2005 ilikuwa na watumiaji upande huu na vikundi upande ule, majedwali mawili mbalimbali, na wanachama wa kikundi wameandikwa kama orodha ndani ya safu moja. Kosa langu lile lile. Kwenye 8.1 wakayavunja: kikabaki kitu kimoja tu, pg_authid, na jedwali la katikati, pg_auth_members, linalosema nani ni mwanachama wa nani. Nilicheka peke yangu mbele ya skrini.

Ila programu za zamani zilikuwa bado zikiuliza majina ya zamani, kwa hiyo wakaacha pg_group na pg_shadow kama mionekano tu, vivuli vinavyojazwa kutoka kwenye majedwali mapya. Nami nilifanya vivyo hivyo bila kujua kwamba wamenitangulia. Kuna mwonekano unaoitwa walimu na mwingine wazazi, kwa ajili ya ripoti za mhasibu zilizoandikwa kwa majina hayo, na ukiuliza simu ya mzazi unapewa simu ya mtu. pg_group ipo mpaka leo. Yangu nilipanga kuyaondoa baada ya muhula mmoja. Huu ni wa nne.